Nguzo Nyembamba za Madamu Spesiyoza

Mliponiaga ofisini kwa keki yenye umbo la boriti, nayo ikapasuka katikati kabla sijaigusa kwa kisu, hakuna hata mmoja wenu aliyekubali kuwa ndiye aliyeipigia hesabu. Nikajua naiacha kazi katika mikono salama: mnajua kukana. Kisha mkaniomba niandike kidogo juu ya nilikoanzia. Haya.

Vyeo sitaviandika. Vilikuja kwa kuchelewa, kama saruji ya mradi wa serikali, na vilipofika vilikuwa vimeshaganda. Mshahara nao ulikuwa mshahara. Nitaandika nguzo.

Nilianza kupiga hesabu za nguzo kwa kompyuta mjini Kigali mwaka 1990, nikiwa na digrii changa na miguu mirefu. Najua mtu akitaja Kigali na miaka ile msikilizaji huinamisha kichwa, na ana haki. Mimi niliondoka mwishoni mwa 1992, mkataba ulipokwisha. Yaliyofuata wameyaeleza walioyaona, wala si mimi wa kuwaongezea neno. Bosi wangu wa kule alinusurika. Leo ni mzee anayeishi kwa binti yake, na kurasa hizi nimemsomea kwa simu. Alicheka mpaka binti akamnyang'anya simu akidhani anapaliwa. Kwangu hiyo ni ruhusa ya kutosha.

Kazi yenyewe niliipata kupitia baba yangu mdogo, aliyekuwa dereva wa lori kati ya Dar es Salaam na Kigali. Siku moja alirudi na habari kwamba kuna ofisi ya uchoraji wa majengo kule imenunua kompyuta na programu ya kukokotoa fremu za zege, ila kitabu cha maelezo kimeandikwa Kiingereza na ofisi nzima inasoma Kifaransa.

"Wanatafuta injinia?" nikamuuliza.

"Wanatafuta mtu wa kusoma Kiingereza," akasema. "Uinjinia watauvumilia."

Mwenye ofisi alikuwa Injinia Dewogratiyasi, ambaye watu wote walimwita Patroni Dewo. Alikuwa mfupi, mpana, amesomea Ubelgiji, na mfukoni mwa koti lake daima ilichungulia rula ya chuma. Siku yangu ya kwanza hakuomba vyeti. Alinitazama kuanzia viatuni, na safari ya macho yake kufika usoni kwangu ilichukua muda.

"Urefu?"

"Mita moja na themanini na mbili."

"Hapa katikati?" Akaonyesha kiuno.

Sikujua. Akakadiria kwa jicho, akaandika namba mbili kwenye karatasi, akagawanya moja kwa nyingine, akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Madamazela Rehema, wewe uko nguzo nyembamba. Kanuni haikubali. Karibu kazini."

Ofisini tulikuwa watatu. Wa tatu alikuwa mchoraji wetu wa ramani, Floriberi, mtu wa Bukavu, aliyepiga mstari mnyoofu kwa kalamu ya wino huku akiimba na kusimulia ugomvi wa majirani zake, vyote kwa pamoja. Lakini mkubwa wa ofisi alikuwa ni kompyuta. Ilikaa chumba cha ndani, imefunikwa kitenge alichokishona fundi cherehani kwa vipimo maalumu, chenye lesi pembeni. Floriberi aliiita Baba Mukwe, kwa kuwa mbele yake hukupiga kelele, hukula, na hukuondoka kabla haijakuruhusu.

"Usiigeukie mugongo," alinionya. "Inakasirikaka."

Kitabu cha maelezo nilikisoma kwa sauti, Patroni akisikiliza kwa mikono iliyokunjwa kama mtu anayesomewa wosia. Tuliendelea vizuri mpaka tulipofika kwenye kazi halisi, ghala moja la Gikondo. Sasa sikilizeni, maana hili bado linaua watu. Patroni aliandika nusu mita kama alivyofundishwa, kwa mkato: 0,50. Programu ya Waingereza ilitaka nukta. Mkato kwake ulikuwa ni uzio kati ya namba mbili, kwa hiyo ilisoma sifuri, halafu ikasoma hamsini, na namba zote zilizofuata zikahama kiti kimoja, kama abiria wa basi anapopanda mtu mwenye tiketi ya kweli. Mashine ilitafakari tangu chai ya asubuhi hadi chakula cha mchana. Kisha printa ikaanza kukereza karatasi, nami nikasoma: chini ya uzito wa mabati na upepo kidogo, paa la ghala lingesogea upande mmoja kwa kilomita sitini na ushei.

Patroni hakushtuka. "Upande gani?"

"Kusini."

Akaenda kwenye ramani ya nchi ukutani, akapima kwa rula yake ya chuma. "Inapita Nyanza," akasema. "Butare haifiki."

"Batu ba Nyanza iko na bahati," Floriberi akasema bila kuinua kalamu. "Paa ya bure."

Tangu siku hiyo sijawahi kusoma jibu lolote la kompyuta kabla sijaangalia kwanza kama paa bado lipo wilayani. Jumlisheni pia mizigo ya chini ya nguzo na mlinganishe na uzito mliouweka juu. Ni kazi ya penseli na dakika chache. Na hifadhini kwenye diski kila mara. Umeme wa mtaa wetu ulikuwa na tabia ya kuyumba kabla ya kukatika, taa zikikonyeza mara mbili, na zilipokonyeza jengo zima lilipiga kelele "Rehema, hifadhi!", hata fundi viatu wa ghorofa ya chini, ambaye hakujua kinachohifadhiwa.

Huyo ndiye niliyekuwa, msoma Kiingereza wa Baba Mukwe, siku Madamu Spesiyoza alipopanda ngazi zetu.

Ilikuwa mwaka 1991. Madamu alikuwa mfanyabiashara wa maharage na vitambaa huko Kabuga, mama wa makamo, mwenye sauti ya kuuzia sokoni hata akinong'ona. Hakusalimia kwa kirefu. Aliweka mezani picha iliyo kwenye fremu.

"Tazama. Huyu ni bwana yangu. Huyu mama mukwe. Huyu shangazi yake, huyu hata simujui. Hii ni siku ya ndoa yangu. Mimi niko wapi?"

Tukainama sote watatu. Katikati ya picha, kati ya bwana harusi na shangazi, palisimama nguzo ya zege nene kama pipa. Kutoka nyuma yake ilichomoza ncha ya shela.

"Uko nyuma ya nguzo," Patroni akasema kwa upole.

"Miaka makumi mbili niko nyuma ya nguzo!" akasema Madamu Spesiyoza. "Sasa nina kiwanja yangu Kabuga. Nataka kujenga sale ya harusi. Mirefu, watu wapumue. Juu yake terasi, watu wakunywe. Na ndani, nguzo hapana. Mutoto wangu Claudine anaolewa mwaka kesho, na kila mutu atamuona."

Patroni akamweleza kwamba bila nguzo ndani, boriti za kubeba terasi zingekuwa nene hivi kwamba wageni wangeingia kwa kutambaa. Madamu alifikiri. Alikuwa mfanyabiashara, alijua wakati wa kushuka bei.

"Yego. Basi nguzo iwe ndogo." Akageuka, akanitazama, na uso wake ukang'aa. "Kama huyu! Madamazela, simama."

Nikasimama. Akaja akanishika kiuno kwa viganja viwili, akaviondoa taratibu bila kubadilisha nafasi kati yao, akavipeleka mpaka kwenye rula ya Patroni kama mtu aliyebeba glasi isiyoonekana. Ilisoma sentimita ishirini na sita.

"Toa nguo," akasema Madamu. "Toa na chakula cha mchana. Andika makumi mbili."

Ndivyo nguzo za ukumbi wa Kabuga zilivyopata kipimo chao cha kwanza: sentimita ishirini kwa ishirini, kwa urefu wa mita saba, na terasi ya walevi juu yake.

Mnajua tatizo la nguzo nyembamba, lakini nitalirudia kwa sababu niliwaona mkisinzia nilipolifundisha. Nguzo fupi hufa kifo cha karanga: unaibana mpaka inapondeka, na kabla ya hapo inavumilia mengi. Nguzo ndefu nyembamba haisubiri kupondeka. Inajipinda kidogo pembeni, mzigo unakuwa umekaa kando ya mstari wake, ule ukando unaipinda zaidi, kupinda kunauongeza ukando, na wawili hao wanasukumana mpaka jengo linalala. Programu yetu ilikuwa na njia mbili za kukokotoa. Ya kwanza ilichukulia kwamba nguzo inabaki imenyooka kama ilivyochorwa. Ya pili ilikokotoa, ikatazama nguzo imepinda kiasi gani, ikakokotoa tena juu ya ile iliyopinda, na tena, na tena. Ya pili ilimchosha Baba Mukwe kwa saa nyingi, kwa hiyo kila kazi tuliianza na ya kwanza, tupate kuona kama data zimeingia sawasawa.

Nilikuwa nimeanza na ya kwanza siku Madamu alipopita kuulizia mambo yake. Printa ilikuwa inakereza. Akasimama mbele yake, mikono nyuma, akiiheshimu kweli.

"Inasema nini?"

"Bado, Madamu. Haya ni majaribio ya awali."

Lakini programu ile, kila ilipomaliza kukagua nguzo kwa kuipima kupondeka tu, iliandika mwishoni mwa mstari herufi mbili. Nguzo ya kwanza, OK. Ya pili, OK. Na ukumbi ulikuwa na nguzo kumi na mbili. Kati ya kurasa zote za Kiingereza nilizowahi kutafsiri katika ofisi ile, hilo ndilo neno pekee ambalo halikuhitaji mkalimani.

"OK!" akasema Madamu. "OK, OK, OK... Mana yanjye! Zote?"

"Madamu, hiyo OK maana yake mashine imejibu nilichoiuliza. Sijaiuliza swali lenyewe."

"Usiiulize tena," akanishauri. "Utaiudhi." Akairarua karatasi kwenye mkunjo wake kwa ustadi wa muuza vitambaa, akaiviringisha, akaiweka kwapani, akashuka ngazi. Nilimfuata mpaka barabarani. Mtu mwenye miguu mirefu anaweza kumpita mwingine kwa kasi, lakini si kwa maneno.

Nikarudi, nikaiwekea mashine njia ya pili. Patroni naye akakaa mezani kwake na kanuni za Kifaransa, mimi nikakaa kwangu na kanuni za Kiingereza, kila mmoja na penseli yake, kwa sababu ndivyo alivyonifundisha: kompyuta ni shahidi mmoja, na kwa shahidi mmoja hakuna aliyefungwa. Kanuni za Kifaransa zilikataa kwa adabu, baada ya kurasa tatu. Za Kiingereza zilikataa kwa jedwali. Baba Mukwe alifikiri mchana kutwa, kisha akatoa mstari mmoja uliosema kwamba jengo hili halisimami, tafadhali angalia data. Mara ya kwanza katika historia ya ofisi, wote watatu tulikubaliana.

"Mpigie Madamu," akasema Patroni.

Simu ya Kabuga ilikuwa ya jirani wa duka lake. Jirani alisikiliza, akaenda, akarudi. "Anasema mashine ilishasema OK. Anasema maboksi ya mbao iko tayari na Jumatatu anamwaga zege. Anasema mukuje mukunywe fanta."

Siku hiyo ilikuwa Ijumaa.

Jumamosi asubuhi tulikwenda Kabuga kwa gari la Patroni, mimi magoti yakiwa karibu na masikio. Kiwanjani maboksi yalikuwa yamesimamishwa kweli, membamba kama majeneza ya nyoka, na nondo zimefungwa ndani. Dukani kwa Madamu, kati ya vitenge vilivyotundikwa, ilining'inia karatasi yangu ya printa kuanzia darini hadi sakafuni. Wateja walikuwa wanaisoma. Mzee mmoja alifuata mistari kwa kidole na kila alipofika mwisho alisema "oke" kwa sauti, kama anaitikia sala.

Patroni alijaribu kwanza na sayansi. Aliomba pakiti ya tambi ndefu kutoka rafuni, akatoa tambi moja, akaivunja kipande kifupi cha kidole, akakisimamisha juu ya kaunta na kukibonyeza. Kikachoma kidole chake. "Unaona? Fupi iko na nguvu." Akasimamisha tambi nzima, akabonyeza. Ikajikunja kama upinde, ikakatika, kipande kikaruka kwenye gunia la maharage. "Ndefu, hivi. Unene ule ule!"

"Nimeona," akasema Madamu Spesiyoza. "Umefungua pakiti."

Patroni akalipa pakiti. Akachukua tambi nyingine. Akavunja tatu, nne, akafungua pakiti ya pili, akitokwa jasho, na watoto wa sokoni wakajaa mlangoni.

"Patroni," Madamu akasema kwa huruma, "mimi sijengi na tambi."

Nikaona tunashindwa. Jumatatu ilikuwa keshokutwa, na maboksi yale niliyaona kichwani mwangu yakiwa na watu mia tatu chini na wanywaji juu. Sijui nilipata wapi wazo hilo. Nadhani ni hasira tu. Nikasema, "Madamu, si ulisema nguzo iwe kama mimi? Basi nipe mzigo."

Madamu akaegemea kaunta.

"Mzigo gani?"

"Gunia. Niwekeeni kichwani."

Lazima mjue kwamba Madamu Spesiyoza alianza biashara akibeba maharage kichwani, na katika jambo hilo hakuwa na mzaha. Alinitengenezea ngata ya kitambaa mwenyewe, akaibonyeza utosini kwangu, akaniambia ninyooshe shingo. Wanaume wawili wakainua gunia, si kubwa, la nusu, wakaniwekea. Nilisimama. Kwa muda mfupi nilikuwa nguzo nzuri sana. Sokoni wakapiga makofi.

"OK," akasema yule mzee wa kidole.

"Sasa Madamazela," Patroni akasema, na macho yake yalikuwa yanawaka, "sogeza kiuno kidogo. Kidogo tu. Kama upepo umepita."

Nikasogeza kiuno kidogo. Gunia likaenda upande wa pili. Kiuno kikaenda zaidi bila mimi kukiagiza. Magoti yakatoa ushauri wao. Nikaanza kuzunguka dukani kwa hatua za pembeni, mikono imenyooka, vitenge vikinifunika uso kimoja baada ya kingine, nikisikia sauti ya Patroni ikishangilia, "Inaongezeka! Tazameni, inaongezeka!" kwa Kifaransa na Kiswahili na Kinyarwanda, na Madamu akipiga kelele "Oya! Oya! Maharage yangu!"

Akaruka kaunta. Sijatia chumvi, aliruka. Akanidaka kiuno kwa viganja vile vile viwili alivyonipimia, akakaza. Nikatulia papo hapo. Gunia likakaa. Nilikuwa mwembamba vile vile, mrefu vile vile, na mzigo ule ule juu yangu, nami sikutikisika.

Patroni Dewo alikuwa amenyoosha kidole kwenye mikono ya Madamu kama mtu aliyeona ng'ombe akifungua mlango.

"Usitoe!" akanong'ona. "Madamu, kaa hivyo. Rehema, unaona?"

Nilikuwa naona kitenge cha kijani tu. Lakini nilielewa. Ukiishika nguzo katikati ya urefu wake isiende huku wala huku, si nguzo moja ya mita saba tena. Ni nguzo mbili za mita tatu na nusu, moja juu ya nyingine, na nguzo ya mita tatu na nusu inaweza kuwa nyembamba na ikaishi.

"Tunaweka roshani!" Patroni akasema. "Pande mbili za sale, katikati ya urefu. Slabu imeshika ukuta, na imeshika nguzo zote kiunoni. Huku na huku."

"Roshani ya nini?" akauliza Madamu, bado amenikumbatia.

"Ya watu kusimama juu na kumtazama Claudine."

Mikono yake ililegea kidogo kwa furaha, nami nikaanza kuyumba tena, akanikaza. "Kumuona kutoka juu pia?" akasema. "Chini wanamuona, na juu wanamuona?"

"Na juu wanamuona."

"Basi tutoe gunia," akasema Madamu Spesiyoza. "Jumatatu hakuna zege. Nani atalipa hiyo pakiti ya pili ya tambi?"

Ishirini hakuipata. Tulimpa ishirini na tano, na kwa kuwa alinung'unika, Patroni akaigeuza nguzo kuwa ya duara, maana jicho hudanganyika: nguzo ya duara huonekana nyembamba kuliko ya pembe nne ya kipimo hicho hicho. Bati za kutengenezea maumbo ya duara zilikunjwa na mafundi wa kuchomea wa Gikondo, nao walizikunja vizuri, ingawa kila aliyepita aliuliza ni tangi la maji la nani. Ringi za nondo tulizikaza karibu karibu chini, juu, na pale kiunoni roshani inaposhika. Nilisimamia kila umwagaji, nikigonga bati kwa nyundo ya mbao kusikiliza kama kuna pango ndani. Hakuna programu inayogonga. Nyundo hiyo ninayo mpaka leo, na yeyote kati yenu anayedhani ataipata afikirie tena.

Baba Mukwe naye alipewa muundo mpya pamoja na roshani, kwa njia ya pili. Umeme ulikonyeza saa tisa alasiri, jengo lote likapiga kelele, nikahifadhi. Alipomaliza, paa lilikuwa limesogea milimita chache. Patroni hata hakuigusa ramani ya ukutani.

Claudine aliolewa mwaka 1992, siku ya jua, mchana, kwa sababu siku zile vita vilikuwa kaskazini, usiku watu hawakutembea, na harusi zilikwisha mapema. Ukumbi ulikuwa bado unanuka chokaa. Tulialikwa wote wa ofisini, na Floriberi alivaa tai yenye rangi za tai tatu.

Nilitaka kufurahi. Lakini bibi harusi alipoingia, roshani nzima ya kulia, watu na mabibi na watoto, ilisikia kwamba upande wa kushoto anaonekana vizuri zaidi, ikateremka ngazi ikapanda upande wa pili. Wote. Mzigo wa pande mbili ukakaa upande mmoja, na juu yao, terasini, mtu alikuwa ameanzisha ngoma za kurukaruka. Hesabu ilikuwa imeliruhusu jambo hilo. Niliipiga mwenyewe, kwa njia tatu. Miguu yangu haikujali. Ilinipeleka mpaka kwenye nguzo ya nne ya kushoto, nikaiwekea kiganja, nione kama inatetemeka. Nilipogeuka nikamwona Patroni Dewo kwenye nguzo ya tano, kiganja kimewekwa, macho darini, anatabasamu kwa wageni kama mtu anayeumwa jino.

Tukasimama hivyo wakati wa hotuba ya kwanza. Na ya pili. Upande wa msichana ulizungumza, upande wa mvulana ukajibu. Hao wa mvulana walikuwa wafanyabiashara wa Nyamirambo, watu wa Kiswahili cha ndani kabisa, na walijibu kwa kirefu.

Akaja mzee mwenye kofia na mkongojo, babu mdogo wa Claudine, Mzee Ladislasi, ambaye mdomoni mwake, kama kwa wazee wengi wa vilima vile, l ya Kiswahili mara nyingi iligeuka r. Aliitazama nguzo, akautazama mkono wangu, akanisogelea sikioni.

"Mwana wanjye. Iko nzito?"

"Hapana, Mzee. Naiangalia tu."

"Umeshika tangu Claudine aripoingia. Umekura?"

"Bado, Mzee. Nitakula."

Akatazama juu, kwenye watu waliojazana, akasikiliza miguu ya terasini. Akampa jirani mkongojo. Akavua kofia, akanipa mimi. Kisha akaweka viganja vyote viwili kwenye nguzo, akatanguliza mguu mmoja, akajikaza.

"Enda ukure," akasema. "Mimi nimeshika."

Nilijaribu kumweleza kuhusu uwiano wa urefu na unene. Akanitazama kama mtu anayemchelewesha kazini. Basi nilikwenda. Nilipakuliwa ndizi na nyama na maharage ya Madamu, nikakaa, na nilipoinua macho nikaona vijana wawili wamempokea Patroni nguzo yake, kwa kuwa walikadiria kwamba mtu mpana vile lazima anabeba sehemu kubwa. Wajomba, waliowaona vijana, wakaenda kwenye nguzo ya sita. Mtu mmoja alichukua ya tatu kwa mkono mmoja, bia ikiwa mkono wa pili, wenzake wakamkemea akaiweka bia chini. Kabla sijafika nusu ya sahani, nguzo zote kumi na mbili zilikuwa na watu, wamejipanga kwa uzito wa nyuso zao, na mbele yao Claudine anapita na shela yake, anaonekana na kila mtu, kutoka chini na kutoka juu.

Madamu Spesiyoza akakaa kando yangu na sahani yake. Alitazama wanaume wote wale. Nilidhani atacheka.

"Wameshika vizuri," akasema. "Kula."

Nikala. Lakini nilikuwa nakula haraka, nikitupia jicho nguzo ya nne, na Mzee Ladislasi akaniona. Akageuza shingo bila kuachia mikono, akapaza sauti ya mtu aliyezoea kuitana kutoka kilima hadi kilima, katikati kabisa ya hotuba ya wakwe:

"Madamazela! Kura porepore! Iko mahari pake!"

Upande wa Nyamirambo wote ukasimama. Msemaji wao alikunja karatasi ya hotuba, akavua miwani, akauliza kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko nguzo yoyote niliyowahi kuchora, ni mahari gani tena hiyo, na ya nani, wakati ng'ombe wote walishafika.